Alizeti Nilizozifanyia Vidanji

Harufu ya oili iliyochoka, ile nyeusi inayotoka tumboni mwa injini ikiwa bado na moto, mpaka leo inanichekesha na kunitia aibu kwa wakati mmoja. Vijana ninaofanya nao kazi wananiuliza, "Fundi, unacheka na oili?" Mi naokota spana, maana kuwaeleza ni kujionyesha mjinga mbele ya watu ninaowapa amri kila siku. Lakini nyinyi hamnijui, na hamtaniita jina baya nikipita barabarani. Basi nawaambia. Nilikuwa na miaka kumi, vita vya Burundi vilikuwa karibu rika langu, na nilijiona ndo mtu mwenye akili kuliko wote katika mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Na mwaka ule, kwa mkono wangu huu huu, niliua alizeti saba za mgeni wetu huku nikidhani nazisaidia kukua.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba nyingi za Buyenzi: mbele gereji, katikati watu, nyuma jiko. Adhana ya alfajiri ikimalizika, unasikia ndala za wazee zikirudi kutoka msikitini, halafu kimya kidogo, halafu nyundo ya kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na magari yaliyolala mbele ya mlango wetu yalikuwa ya aina mbili: yale yanayosubiri spea, na yale yaliyokwisha kusahau kwamba yanasubiri spea. Mojawapo katika kundi hilo la pili lilikuwa Kombi moja nyeupe isiyo na injini, ambayo kuku wa mama walitaga mayai kwenye kiti cha dereva. Mi nilikulia chini ya magari hayo. Nilijua kutofautisha spana ya kumi na mbili na ya kumi na tatu kabla sijajua kuandika jina langu, na dini ya pili nyumbani kwetu, baada ya ile ya kweli, ilikuwa vidanji. Yaani kutoa oili ya zamani kwenye injini na kuweka nyingine. Gari likikohoa, baba anauliza, "Ulifanya vidanji lini?" Likichelewa kuwaka, vidanji. Likipoteza nguvu mlimani, vidanji. Siku mama aliposema mgongo unamuuma, baba alifungua mdomo, akamwangalia, akaufunga. Sote tulijua alichotaka kusema.

Sasa huyu mgeni. Alikuwa anaitwa Mama Odeta, mwanamke mrefu wa milima ya juu ya mji, upande wa Isale. Kwa miaka mingi alikuwa anateremka mara mbili kwa wiki na kapu la mboga za lengalenga kichwani, na mama yangu ndo alikuwa wa kwanza kumtua mzigo. Walikuwa wanasemezana kidogo, huyu Kiswahili, yule Kirundi, wanacheka, basi. Halafu asubuhi moja akaja bila kapu. Alikuwa amemshika mkono binti yake Odeta, mwenye miaka tisa, na mkono mwingine amebeba jembe lisilo na mpini. Huko kwao waasi na askari walikuwa wamepigana tangu siku iliyotangulia, watu wakakimbia kila mmoja alikoelekezwa na miguu yake, na mumewe na yeye walipotezana migombani. Mama hakuuliza lolote. Aliuliza tu kama mtoto anakula pilipili. Akawapa chumba cha spea, baba akahamisha gia-boksi tatu, na siku hiyo hiyo nyumba yetu ikawa ya watu wanane.

Baba Odeta alikuwa anajua kitu kimoja: kwamba mkewe huuza mboga kwa mke wa fundi, Buyenzi. Hakuwahi kufika. Na Buyenzi ukitafuta mke wa fundi utaonyeshwa mtaa mzima. Tena hata ukiuliza kwa jina, hupati kitu, na hapa ndipo penye shida ambayo mtu wa leo anaweza asiielewe. Wakati ule kila nyumba kwetu ilikuwa na watu waliokimbia kutoka huku na huku, wa kila aina, na mtaa mzima ulikuwa na jibu moja kwa mgeni anayeuliza. Mama alitufundisha kama sura ya Kurani: "Mutu usiyemujua akikuuliza nani anakaa kwenu, unasema mi mutoto, mi sijui. Akikupa bonboni, unakula bonboni, halafu unasema mi sijui." Hakuna aliyejua nani anatafuta mtu kwa wema na nani anamtafuta kwa panga. Kwa hiyo Buyenzi iliwaficha watu vizuri sana, hata waliopendana hawakuweza kuonana.

Wiki ya pili, Mama Odeta akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Zikatoka mbegu nane, ndefu, zenye mistari kama punda milia. Shuleni tulikuwa tunaziita turunesoli, kwa Kifaransa cha mwalimu. Kwamba Kiswahili cha vitabu kinaziita alizeti nilikuja kujua baadaye. Lakini hizi hazikuwa za kawaida. Kwao milimani alizipanda kuzunguka nyumba, zikapita paa, vichwa vikubwa kama sinia ya pilau, na watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanaelekezana njia kwa nyumba yake. Akamwambia mama, "Zikipita ukuta, Baba Odeta akipita hata njia ya mbali, atajua. Hatauliza mutu." Kando ya jiko letu, kati ya ukuta na mahali pa kuogea, kulikuwa na kipande cha ardhi urefu wa vitanda viwili. Akalima hapo kwa jembe ambalo baba alilitengenezea mpini wa bomba la ekzosi. Mbegu nane, mashimo nane, hatua moja moja kati yake. Kazi ya kumwagilia nikapewa mi na Odeta, kwa maji ya kuogea yasiyo na sabuni.

Nikisema mi na Odeta, msidhani tulipendana. Huyo mtoto alikuwa na ulimi wa kuchongea penseli. Alikuja kwetu na Kiswahili cha sokoni, maneno hamsini hivi, na arobaini yalikuwa ya kutukana mnunuzi. Nikimwambia we hujui kumwaga maji, anajibu, "Kichwa yako ni kubwa sawa na turunesoli, lakini yenyewe iko na mbegu ndani." Nikimwambia hapa kwetu, si kwenu, anajibu, "Ndio naona, kwetu kuku haikai mahali pa dereva." Mi, niliyekuwa nashinda wote darasani kwa kuchekesha, nilikuwa nakosa jibu mpaka jioni, na jioni nikilipata, yeye ameshalala.

Lakini niliona kitu. Kila asubuhi Odeta alikuwa anaenda kusimama kando ya miche na kuweka kiganja chake juu ya jani la juu kabisa, halafu anapandisha macho mpaka mwisho wa ukuta. Anapima. Siku ya ishirini na kitu hivi, miche ilikuwa imefika magotini, na ukuta ulikuwa bado uko mbali kama mbinguni. Mama Odeta naye alikuwa ameanza kula kidogo. Anakaa na sahani mapajani, kijiko kinaenda na kurudi kitupu. Nikisikia mlango wa mbele unalia, naona shingo yake inageuka kabla ya mwili. Basi roho yangu ikaniuma, na roho ikiniuma mi natafuta spana. Nikakaa kwenye tairi nikafikiri kama fundi. Hizi turunesoli zinakwenda polepole. Hazina nguvu mlimani. Na mtoto wa fundi haulizwi mara mbili dawa ya kukosa nguvu.

Nilingoja alasiri, baba yuko msikitini, vijana wa gereji wamelala chini ya lori. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikachota oili nyeusi kwenye beseni la asubuhi. Ya zamani, ndio, maana mpya ilikuwa imefungiwa na baba kama dhahabu, na mi nikajiambia mmea ni mdogo, utaanza na ya zamani. Kila mche nikaupa kopo moja, taratibu, nikiweka karibu na mzizi, hata nikapuliza ili iingie vizuri. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nasema bismillahi kila mara, Mungu anisamehe. Nilipofika wa nane, ule mdogo kuliko yote, ulioota peke yake karibu na mfereji wa maji ya kuogea, nikainua kopo, na nyuma yangu nikasikia:

"We! Unafanya nini hapo?"

"Nazifanyia vidanji," nikasema, nimejaa kiburi. "Wiki ijayo utazitafuta na ngazi."

Odeta akainama, akanusa udongo. Uso wake sijausahau. Kiswahili chote kikamtoka, akaita mama yake kwa Kirundi, "Mawe! Mawe we!" kwa sauti iliyowaamsha mpaka waliokuwa chini ya lori.

Mama Odeta alikuja mbio na mikono yenye unga. Akapiga magoti, akaanza kuchota udongo mweusi kwa vidole, anautupa pembeni, anachota tena. Mama yangu akaleta ndoo ya maji kuosha, na baba, aliyekuwa anaingia kutoka msikitini na kofia yake kichwani, akapiga kelele, "Apana maji! Maji yataipeleka chini zaidi!" Kila mtu akasimama. Siku ya tatu majani yakawa na rangi ya chai. Siku ya tano miche saba ilikuwa imelala chini kama watu waliopigwa na jua. Mama Odeta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake bado inanuka gereji, hakulia, hakunitukana, hakuniangalia hata. Alimwambia mama yangu jambo moja tu, "Sasa ataniona namna gani?" Mi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Nilipigwa mwiko na mama jioni ile, mara nne, na nawaambia ukweli, mwiko ulinisaidia. Ulikuwa mwepesi kuliko lile swali.

Baba hakunipiga. Alinichukua mpaka kwenye mche mmoja uliokufa, akaung'oa, akaniwekea mkononi. "Yusufu, gari linakunywa oili kwa nini?"

"Kwa sababu chuma kinasuguana na chuma, baba."

"Vizuri. Sasa nionyeshe pistoni."

Nikaugeuza mche. Nikaangalia mzizi. Vijana wa gereji walikuwa wamesimama mstari, wamefunga midomo kwa vitambaa vyao vya grisi ili wasicheke.

"Itafute tu," baba akasema. "Nina wakati."

Nilitafuta pistoni kwenye turunesoli mpaka machozi yakanidondoka juu ya majani. Ndipo akakaa chini kwenye tairi, akavua kofia, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Umebaki mmoja. Oili inatembea, itaufikia. Tuuondoe leo."

Na hapa ndo naanza kuwashukuru watu, maana mpaka hapo nimewaonyesha ujinga wangu tu. Baba aliacha gari la mteja, akachukua pipa, akalikata katikati kwa patasi na nyundo, akatoboa chini matundu sita. Mi nikapewa bido, yaani dumu, na njia ya kwenda mtoni Ntahangwa kuchota udongo wa pembezoni, ule mweusi safi. Safari kumi na moja, bido kichwani, na kila kona kuna mtoto anayeuliza, "Yusufu, hiyo ni oili ya vitesi, ya gia-boksi?" Maana habari ilikuwa imeshafika kila mahali, Buyenzi gazeti la nini. Safari ya nne nikaona kuna miguu mingine nyuma yangu. Ni Odeta, na ndoo yake. Nikamwambia hujakosa kitu, rudi. Akasema, "We unachota muchanga, si udongo. Mi sitaki iko inakufa mara ya pili." Tukaenda pamoja safari zote zilizobaki, bila kusemezana, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kunisamehe, au ya kunilinda dhidi ya ujinga wangu, sijui.

Mama Odeta mwenyewe ndiye aliyechimba ule mche wa nane. Alizunguka mbali, kwa kisu, akautoa na bonge la udongo kubwa kama kichwa cha ng'ombe, mzizi haujaona hewa. Akauweka ndani ya pipa. Siku mbili uliinamisha kichwa, tukadhani basi, siku ya tatu ukakiinua. Lakini ulikuwa mdogo, mdogo kweli, na ndani ya nusu pipa hakuna mmea unaofika urefu wa kwao milimani. Ukuta utaushinda. Wote tulilijua hilo na hakuna aliyelisema, mpaka baba siku moja, akinywa chai, akaangalia ukuta, akaangalia pipa, akaangalia ile Kombi. Akaita vijana wake.

Gereji yetu ilikuwa na chuma kirefu cha kunyanyulia injini za malori, na mnyororo wake. Wakalifunga pipa kama wanavyofunga injini, kamba huku na huku, wakavuta mnyororo, tik tik tik, turunesoli ikapanda hewani polepole kama bibi harusi aliyebebwa na mashemeji. Mama Odeta alikuwa amejishika mdomo. Halafu wakasukuma Kombi, kuku wanaruka kutoka madirishani, wakaiingiza chini yake, wakashusha pipa juu ya mbao nne zilizolazwa juu ya paa. Kisha wakaisukuma Kombi mpaka mbele kabisa, kwenye ukingo wa barabara. Baba akajifuta mikono, akasema, "Haya. Miaka yote hii hili gari lilikuwa linasubiri abiria."

Toka siku hiyo kazi yangu ikawa kupanda. Asubuhi na alasiri, mguu kwenye bampa, mguu dirishani, kopo la maji kwenye meno, maji safi, na kabla sijamwaga, Odeta ananinusa vidole. Mmea ulishika. Ulipita kifua changu, ukapita kichwa, ukaanza kuyumba na upepo wa ziwa wa mchana. Mi nikaufunga kwenye fimbo na waya wa gereji, nimejitahidi, nimekaza vizuri. Mama Odeta akaniita nishuke, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema nami tangu siku ya oili. "Mutoto, usifunge na waya. Waya itaikata shingo. Funga na kitambaa, uache vidole viwili vipite." Akachana pindo la kitenge chake, lile lile lililobeba mbegu, akanipa. Nikafunga, nikapitisha vidole viwili, nikamwonyesha kutoka juu. Akatikisa kichwa kwamba ndio.

Halafu ua likafunguka. Jamani. Mi nimeona magari mapya yakitolewa bandarini na plastiki yake kwenye viti, lakini sijaona kitu kinachong'aa kama lile ua juu ya Kombi chafu. Watu walikuwa wanasimama barabarani shingo juu. Wateja wakaanza kusema "gereji ya turunesoli". Askari wa doria nao wakasimama, mkubwa wao akauliza kama hiyo ni antena ya kusemezana na watu wa milimani, yaani waasi. Baba akasema ni ua. Mmoja akapanda kuhakikisha, akaingiza pua ndani, akashuka na vumbi la njano usoni anapiga chafya mara saba, wenzake wanacheka mpaka bunduki zinagongana. Mi nilicheka pia, halafu nikaona Mama Odeta hacheki. Alikuwa anahesabu majani ya njano ya ua. Yalikuwa yameanza kulegea pembeni. Ua lina siku zake, na likishainama na kukauka, kutoka mbali linakuwa kijiti tu kama vijiti vingine. Na barabara yetu ilikuwa inapitisha kila mtu isipokuwa yule mmoja.

Alikuja siku ya Ijumaa, saa wanaume wote wako msikitini na barabara imelala. Mi nilikuwa nimedanganya tumbo linaniuma ili nibaki nimwagilie. Niko juu ya Kombi, nikaona chini mtu mwembamba, amevaa koti la kike lenye vifungo vikubwa, viatu viwili visivyofanana. Amesimama. Haniangalii mi, anaangalia ua.

"We mutoto," akasema. "Iyi turunesoli, nani aliipanda?"

Moyo wangu ulijibu kitu kingine lakini mdomo wangu ulikuwa umefundishwa. "Mi mutoto. Mi sijui."

"Iko juu ya gari lenu, na hujui?"

"Iliota yenyewe."

"Juu ya gari?"

"Hapa Buyenzi ndivyo. Gari ikikaa sana, inaota."

Hakucheka. Aliangalia mlango wetu, mlango ulikuwa umefungwa. Aliangalia mi, na mi nikafanya uso wa mbao, ule uso ambao watoto wote wa mtaa walikuwa nao. Akapangusa jasho kwa mkono wa lile koti, akageuka, akaanza kwenda. Nawaambia, alikwenda. Hatua sita, saba. Nilikuwa nimelinda nyumba yetu vizuri kabisa. Kisha akasimama, akageuka nusu, kama mtu anayeshindwa kuacha kazi mbaya nyuma yake, akaonyesha fimbo kwa kidole. "Aliyekufundisha kufunga na kitambaa amefanya vizuri. Watu wengi wanafunga na waya. Waya inakata shingo." Na akainua vidole viwili, akaviweka pamoja, hivi.

Sikushuka kwa bampa. Niliruka kutoka juu, nikaangukia goti, alama yake ninayo. Nikagonga mlango kwa mikono yote miwili nikipiga kelele, "Mama Odeta! Mama Odeta!", jina ambalo kwa miezi mitatu hatukuruhusiwa kulitamka barabarani. Alitoka na sufuria mkononi. Sitawaeleza walivyoonana, kwa sababu niligeuka. Mi, mtu wa kuangalia kila kitu, niligeuka nikaangalia tairi la Kombi. Nilisikia sufuria ikianguka, halafu Odeta akapita karibu yangu mbio kama jiwe lililorushwa. Baba na wenzake waliporudi kutoka msikitini walikuta watu watatu wamekaa chini, wamejiegemeza kwenye Kombi, na juu yao ua linainama, na mi nashikilia goti langu linalotoka damu, nalia, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini.

Walikaa nasi mpaka milima ilipotulia, msimu mmoja na nusu. Baba Odeta akajifunza kufungua tairi, hakujua kulifunga tena. Kile kichwa kimoja kilitoa mbegu zaidi ya mia tano, tulizihesabu na Odeta juu ya mkeka, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba anakula. Waliondoka nazo kwenye pindo la kitenge kingine, wakaacha kiganja kimoja kwa mama. Baba yangu sasa ni marehemu, Kombi iliuzwa kwa kilo, na kile kipande cha ardhi kando ya jiko nimejenga juu yake chumba cha kompresa. Mama bado yuko, na bado anauliza mgeni kama anakula pilipili. Nikikumbuka mwaka ule wa bunduki, ajabu, ninachokumbuka ni namna watu walivyoninyanyua mi na kosa langu bila kunidondosha. Leo mtu akipotezana na mkewe kule mtaa wa Rohero anapiga simu, na wakionana wanagombana kwa nini hukupokea. Nafurahi kwamba ni hivyo. Nataka wanangu wagombane kwa sababu ya simu.

Kila mwaka, turunesoli zikichanua, napanda mlimani kwao. Zimezunguka nyumba, zimepita paa, kama ilivyokuwa inasemwa. Mwaka jana tulikuwa tumekaa nje, wazee wawili hao, Odeta na mumewe na watoto, mi najitapa kama kawaida. Nikasema, "Mama Odeta, sema ukweli. Bila mi kuua zile saba, hii moja isingepanda juu ya Kombi. Baba Odeta angekuwa mpaka leo anatembea Buyenzi na lile koti la kike." Wakacheka wote, mzee mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Mama Odeta alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, halafu akasema, "Apana, Yusufu. Angefika tu. Alikuwa anapita barabara za Buyenzi, avenyu moja kila siku, anaangalia milango, na siku aliyoliona ua kwa mbali, kufika kwenu alikuwa amebakiza tano. We ulimupunguzia siku tano."

Nikasema basi, siku tano, kitu gani siku tano. Mi mwenyewe namwambia mteja rudi baada ya siku tano, na hajisumbui hata kukasirika.

Akaacha maharagwe, akaniangalia.

"Wakati ule," akasema, "siku moja mi nilikuwa naihesabu mara mbili. Asubuhi nikisema, leo atakuja. Na jioni nikisema, hakuja."